Snow White: mwisho wake nimeuona juzi tu

Diski yangu ya kwanza ya filamu hii niliinunua nikiwa sekondari, kwenye kibanda cha CD karibu na stendi. Ilikuwa ya kurudufu, imejaa mikwaruzo, na siku zote iligoma palepale: bibi kizee yuko dirishani na kikapu chake, anamtolea binti tufaha lenye sumu. Hapo picha inaganda. Tunaifuta diski kwa fulana, tunaanza upya, inaganda tena. Kwa hiyo kwa karibu miaka ishirini nimejigamba kwamba Snow White and the Seven Dwarfs nimeiona, kumbe mwisho siujui.

Mwezi uliopita nikailipia mtandaoni, nakala safi kabisa. Tulikaa sebuleni mimi, wanangu wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine 10, na mama yangu aliyekuwa ametutembelea kutoka Muheza na kiroba cha machungwa. Mama Kiingereza hakijui. Nikajiweka tayari kumtafsiria, lakini haikufika robo saa akanizuia: "Hebu nyamaza, naona mwenyewe."

Na aliona kweli. Filamu ni ya mwaka 1937, ya kwanza ndefu kutoka kwa Walt Disney, imechorwa kwa mkono, na wachoraji wake hawakutegemea sana maneno. Tazama wanyama wanapomsaidia binti kusafisha nyumba ya vibete. Kindi wanasukumia vumbi chini ya zulia, wengine wanalamba sahani badala ya kuziosha. Mama alicheka hadi akavua miwani. Vibete waliporudi na kuambiwa waoneshe mikono, tena waioshe ndipo wapate supu, akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Huyu binti kalelewa."

Katika kitabu cha Grimm, ndugu wawili wa Kijerumani, cha mwaka 1812, hadithi hii ilikotoka, vibete hawana majina, ni kundi tu. Kwenye filamu kila mmoja ana tabia yake na jina limetoka humo. Wanangu wakawabatiza upya: Grumpy akawa Mzee Nuna, Sneezy akawa Babu Chafya. Mdogo alimpenda zaidi Dopey, ambaye hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa nyinyi wenye watoto wadogo, sikieni. Binti anapokimbia msituni usiku, miti inamkamata kwa matawi kama vidole na macho yanawaka kila upande. Wangu wa miaka 4 aliingia ndani ya kanga ya bibi yake na hakutoka upesi. Malkia, mama wa kambo anayetaka kumuua binti, anapokunywa dawa ya kujigeuza yule bibi kizee, hata mimi nilisogea kwenye kochi. Huyo malkia ndiye aliyechorwa vizuri kuliko wote. Picha za baadhi ya sehemu zilichorwa kwenye vioo tabaka tabaka vilivyoachana, kamera ikipiga kutoka juu, ndiyo maana msitu una kina utadhani unaweza kuuingia. Msimwache mtoto mdogo aiangalie peke yake.

Yasiyonifurahisha yapo. Sauti ya binti ni nyembamba mno, ya kinanda cha kale, na akianza kumwimbia mwana wa mfalme wake mama alikuwa anasinzia. Jioni ya ngoma na vibete nayo imerefushwa. Ila zote ni dakika 83, watoto wanalala mapema, na wimbo wa kutoka mgodini sasa unatusaidia kuwapeleka kupiga mswaki.

Halafu tukafika dirishani. Tufaha likatolewa. Nilijikuta nimeshika rimoti kama vile itaganda tena. Haikuganda, na nikaona nilichokosa miaka yote hiyo: vibete wamemzunguka binti aliyelala, mishumaa inawaka, hakuna anayezungumza. Mzee Nuna, aliyempinga binti tangu siku ya kwanza, anageuza uso na kulia. Mkubwa wangu akanong'ona, "Mama, hata yeye?" Bibi yake alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mtu asiyejua Kiingereza hakupitwa na kitu hapo.

Baada ya hapo anatokea mwana wa mfalme, ambaye tangu aonekane kisimani mwanzoni tulikuwa tumeshamsahau. Mama akauliza kwa sauti, "Huyu alikuwa wapi siku zote?" Anambusu binti, anaamka, kwisha. Kwa Grimm haikuwa hivyo; katika matoleo yao ya baadaye wabebaji wa jeneza wanajikwaa, kipande cha tufaha kinamtoka binti kooni. Mimi naona hilo lina mantiki zaidi, lakini wanangu hawakukubali.

Binti anawabusu vibete mmoja mmoja, anapandishwa farasi, wanaondoka. Watoto wanapiga makofi. Mama akaanza kumenya chungwa, macho bado yako kwenye runinga.

"Na wale wazee," akasema, "sasa nani atawakagua mikono?"