Nimeitwa dogo mbele ya bosi, seva imelala saa 18: uzoefu wangu na hizi VM (seva kadhaa ndani ya mashine moja)

"Mzee, huyu dogo wenu mnaemtegemea, kazi yake ni kubadilisha wino wa printa, haya mambo ya VM muachie watu wenyewe." Hayo ndo maneno aliyoambiwa bosi wangu, mi niko palepale nimepiga magoti nyuma ya raki namulika kwa tochi ya simu ili huyo huyo anaeongea aone waya wake. Dogo! Nina mtoto yuko kidato cha pili. Yule injinia hata thelathini hajafika, ila kwa kuwa kaja na begi la laptop lina nembo ya kampuni basi mi ndo dogo.

Jina la kampuni yao silitaji, waliofungiwa mitambo na hao jamaa hapa Dar mtawajua kwa tabia.

Sasa nianze vizuri maana hasira zikipanda nitaruka mambo. Sisi ni jumla ya vipuri vya magari, duka liko Kariakoo, stoo iko mbali kidogo na kuna tawi mkoani. Tulikuwa na seva nne, sio za maana, zile taua kubwa za zamani, zimepangwa kwenye chumba kilichokuwa cha kuhifadhia tairi na harufu ya mpira haijaisha hadi leo. Moja ya uhasibu, moja ya mfumo wa stoo, moja ya mafaili, na ya nne kusema kweli sikuwa najua inafanya nini nilichojua ni kwamba ukiizima tawi linapiga simu. AC inalia mchana na usiku, luku unaweka asubuhi jioni inapiga kelele. Ndo akaja huyo injinia na maelezo yake, mashine nne tunaziweka ndani ya mashine moja, kila moja inajiona iko peke yake, moja ikigoma nyingine hazina habari. Bosi akauliza swali moja tu: "Na hiyo mashine moja ikifa yenyewe?" Injinia akacheka, akasema mzee hiyo haifi.

Nitasema ukweli japo unaniuma, miezi ya mwanzo ilikuwa raha. Yaani nilikuwa nasimulia watu kwenye daladala. Windows ikikwama nairestati nikiwa nyumbani nimekaa sebuleni, zamani ilikuwa ni bodaboda saa tatu usiku mpaka Kariakoo. Nataka seva ya kujaribia kitu, dakika kumi ipo, nikimaliza naifuta. Chumba kimepoa. Luku imetulia. Hapo ungeniuliza ningekwambia mwenye duka ambaye hajahamia huku anajitesa bure.

Halafu ikaja ile siku. Sikumbuki tarehe kamili lakini ilikuwa kama siku mbili kabla ya tarehe 20, na mwenye biashara yoyote Tanzania anajua tarehe 20 ni nini, ritani za VAT. Wiki kadhaa nyuma mama mhasibu alishaanza kulalamika, "baba, huu mfumo mbona unazunguka tu?", nami kila siku namjibu ni mtandao mama, subiri kidogo. Ni mtandao! Mfumo uko chumba cha pili, ila ndo jibu letu watu wa IT tukiwa hatujui. Basi saa nne asubuhi kila kitu kikaganda. Stoo imeganda, uhasibu umeganda, mafaili hayafunguki. Sio kuzimika, ingezimika ningeelewa, taa zinawaka vizuri feni zinazunguka lakini ndani VM tatu kati ya nne zimesimama kama zimeambiwa zisipumue. Naingia kwenye konso nakuta ujumbe kwamba diski imejaa, hakuna nafasi.

Imejaa vipi? Tulinunua diski ya kutosha miaka mitano.

Kumbe ni snapshoti. Na hapa nisimame kidogo maana hiki kitu wanakuuzia kama baraka wala hakuna anaekwambia kinavyofanya kazi. Ukipiga snapshoti, ile diski ya VM inafungwa kama ilivyo, halafu kila kinachoandikwa kuanzia hapo kinaenda kwenye faili jingine pembeni. Chukulia kaunta buku la mauzo. Leo unasema buku hili lisiguswe, mauzo yote mapya yaingie buku la pili. Sawa, kwa siku mbili. Sasa lile la pili likiachwa miezi hakuna anaehamisha kitu kurudi la kwanza, linanenepa mpaka linaweza kulingana na la kwanza lenyewe, na kila anaeuliza bei ya bearing inabidi ufunue mabuku mawili. Ndo ule mzunguko aliokuwa anaulalamikia mama mhasibu. VMware wenyewe, wenye hii programu inayoendesha VM zetu, kwenye maelekezo yao wanasema snapshoti isikae zaidi ya saa 72, na kwamba sio bakapu, yaani sio nakala ya akiba. Saa 72, siku tatu! Yetu ilikuwa imekaa tangu enzi za mvua za masika, na kumbuka nazungumzia kipindi ambacho watu walishaanza kuuza madaftari ya shule ya Januari.

Na nani aliipiga? Imeandikwa hapohapo, "kabla ya apdeti", akaunti ya injinia. Yeye. Alikuja kufanya apdeti, akapiga snapshoti, zote tatu, akamaliza kazi akanywa soda yetu akaondoka hajazifuta.

Nimepiga simu kuanzia saa nne na dakika tano. Haipokelewi. Nikatuma WhatsApp, tiki mbili, zikawa bluu, kimya. Nikapiga ofisini kwao dada akasema injinia yuko saiti. Huku nje wateja wamejaa, dada wa kaunta kachukua kaunta buku la kweli anaandika kwa peni, risiti za EFD zinatoka kwa sababu zile mashine zinajitegemea lakini nani anajua stoo imebaki na nini, mtu kauziwa shokapu mbili kafika stoo hakuna hata moja. Bosi kaja kasimama mlangoni kaniambia taratibu, na mzee akiongea taratibu ndo ujue: "Zamani ikifa moja tatu zinabaki. Nyie mmezifunga kamba moja kama mbuzi wa mnadani, sasa zote zimelala."

Saa tisa injinia ndo anafika. Hana hata pole. Hajaniangalia, kaenda moja kwa moja kwa mzee, na ndo akaongea yale maneno ya wino. Nikamwambia kaka, snapshoti ni yako, jina lako hili hapa. Akaangalia skrini akasema "hiyo ni kawaida, dogo, ulitakiwa uwe unamonita."

Nimonite nini wakati paswedi ya kuingilia ulinipa mwezi wa tatu baada ya kufunga, tena baada ya kukuomba mara sita?

Haya. Kuzikunja hizo snapshoti zirudi kwenye diski mama nako kunataka nafasi, na nafasi ndo hatuna. Tukafuta ile seva yangu ya majaribio, tukafuta mafaili ya kuinstolia Windows, tukapata upenyo. Ikaanza. Asilimia kumi, ishirini, inakwenda, saa mbili usiku imefika 99. Ikakaa hapo. Saa tatu, 99. Saa nne, 99. Tumeagiza chipsi mayai tumekula, mbu wa kile chumba wana kisasi na binadamu, saa sita 99. Mi nasoma kwenye simu mpaka bando likakata, nanunua jingine, na watu wote walioandika wanasema kitu kimoja, ikikaa hapo usiguse, inafanya kazi ila hicho kipimo kinadanganya, ukizima katikati unaweza kupoteza kila kitu. Injinia akasimama akasema imehang, tuizime kwa swichi. Nikasimama mbele ya raki. Sijawahi kugombana na mtu kazini lakini usiku ule nilimwambia kaka ukigusa hiyo swichi tutaitana majina mengine. Akakaa chini akaendelea na simu yake. Saa kumi alfajiri ikamaliza yenyewe, adhana inasikika msikitini, VM moja baada ya nyingine zikaamka. Mi dogo wa wino.

Wiki iliyofuata wakaleta ankara. "Huduma ya dharura nje ya saa za kazi." Soma tena. Wametuuzia moto halafu wanatutoza maji. Bosi akalipa nusu akawaambia nusu nyingine waidai kwa aliyepiga snapshoti.

Hapo ndo nikasema hizi VM zote ni upuuzi turudi kwenye taua zetu, na nyota moja ningetoa kwa uchungu. Ila hasira zilipopungua nikaona programu yenyewe haijakosa kitu, ilifanya ilichoambiwa. Tatizo ni anaekufungia.

Halafu muda wa leseni ukawa unakaribia, na wanaofuatilia wanajua kampuni ya Broadcom waliinunua VMware Novemba 2023, na Desemba hiyohiyo wakasitisha kuuza leseni za kudumu, ni kulipia kwa usajili, hesabu ni kwa core (vile viini vya ndani ya prosesa) na kila prosesa inahesabiwa sio chini ya core 16. Sisi prosesa zetu mbili zina core nane nane, kwa hiyo una 16 unalipia 32, kama kupanda daladala ukalipia na kiti cha jirani. Ile ESXi ya bure, programu yao inayobeba VM, nayo iliondolewa Februari 2024 ikarudi Aprili 2025, ila ya bure haikubali programu za bakapu kuingia kwa njia ya kawaida, na mtu aliyepita nilipopita mimi hapati usingizi bila bakapu.

Nikahamia Proxmox, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Inatoka Vienna, Austria, chini yake ni Linux ya Debian na KVM, ile injini ya kuendesha VM, ni bure kuitumia, unalipia ukitaka msaada wao, na kila ukiingia inakukumbusha huna usajili halali unabonyeza OK maisha yanaendelea. Nilihama mwenyewe, Jumamosi jioni mpaka Jumapili, bila injinia. Tangu 2024 ina sehemu ya kuvuta VM moja kwa moja kutoka ESXi, unaionyesha seva ya zamani inabeba. Windows ya uhasibu ikanitolea skrini ya bluu moyo ukadondoka, kumbe nimeiwekea diski ya VirtIO, aina ya diski ya VM inayotaka draiva yake, kabla haijawa na draiva, nikairudisha kwenye SATA, ile aina ya kawaida, ikawaka, nikaweka draiva, nikabandika kidiski kidogo cha VirtIO iizoee, ndo nikabadilisha. Jumatatu mama mhasibu kaingia kafanya kazi mpaka mchana ndo kaniuliza "baba, mmefanya nini, mbona leo haizunguki?" Nilitembea kama nimeongezwa mshahara. Ila usidhani huko snapshoti hazijazi diski, zinajaza vilevile, tofauti ni kwamba sasa anaezifuta ni mimi. Na mzee kanibana swali ambalo sina jibu lake zuri, ukiumwa malaria wiki nzima nampigia nani? Nimemwandikia karatasi kurasa mbili iko kwenye droo yake, sidhani kaisoma.

Sasa kuna kitu nilikuwa sitaki kuandika. Wakati nahama nilikuwa napitia karatasi za makabidhiano za injinia, zile ambazo mtu unasaini ukurasa wa mwisho basi. Kwenye ukurasa wa nne kuna anwani ya barua pepe waliyotufungulia kwa ajili ya tahadhari za seva, na paswedi imeandikwa pembeni. Nikaingia. Barua zimejaa, diski imefika asilimia 75, imefika 85, imefika 90, wiki baada ya wiki, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Kwa hiyo seva ilikuwa inapiga kelele muda wote ule na mi nasema ni mtandao mama. Bosi sijamwambia, na kama anasoma hapa basi shikamoo mzee.

Kwa hiyo nyota ngapi? Programu naipa nne. Waliotufungia nilitaka kuwapa sifuri, baada ya zile barua nikasema haya wapewe mbili, walau waliandika. Halafu nikakumbuka lile neno, mbele ya mzee, mbele ya dada wa kaunta, nami nimeshika tochi. Sifuri. Tena mwezi huu wametuma kotesheni nyingine ya "kuboresha mazingira ya seva zenu" kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ningeendelea lakini dada wa kaunta kapiga, printa imeisha wino.