Pochi na mkoba wa kushonewa: miezi 14 ya kuzichunga kadi zangu

Nianze na kadi iliyopotea, maana ndiyo iliyonipeleka kwa fundi.

Pochi yangu ya awali niliitumia miaka 4. Kadi ya benki ilikaa kifuko cha juu kabisa, na kilikuwa kinabana hasa: kuitoa lazima uisukume kwa kucha. Kadi ikaisha muda wake, nikapewa mpya, nikaichomeka palepale. Siku ya 10 hivi nafika kaunta, nafungua pochi, kifuko kitupu. Sikuibiwa. Niliinamisha pochi mahali fulani kutafuta sarafu, kadi ikateleza, ikaenda zake bila kuaga.

Kwanza nilimlaani aliyeishona. Kumbe mshono haukuwa na kosa. Kadi ile iliyoisha muda nilikuwa sijaitupa, na nilipopewa nyingine badala ya iliyopotea niliziweka zote 2 juu ya meza nikazipapasa. Ya zamani ilikuwa na tarakimu zilizoinuka, zile unazoweza kuzisoma kwa kidole gizani. Mpya ni bapa, namba zimechapwa tu. Kadi yenyewe ina unene wa milimita 0.76, na tarakimu za kuinuka huongeza karibu nusu milimita. Kwa miaka 4 ngozi ilikuwa imetanuka kufuata vile vinundu. Ilipoingia kadi bapa, ikakuta nyumba kubwa kuliko mwili wake. Nusu milimita tu, na ndiyo iliyokuwa inaishikilia kadi yangu muda wote huo.

Basi nikaagiza kwa fundi wa ngozi seti ya kunishonea mwenyewe: pochi ya kukunja, na mkoba mdogo wa kupitisha shingoni. Nimevitumia kila siku kwa miezi 14.

Kabla hajanionyesha hata kipande cha ngozi, fundi aliniambia, "Dada, mwaga kadi zote hapa mezani." Zilikuwa 11. Akauliza zipi nazigusa kila siku. Tatu. Zipi kila wiki? Mbili. "Na hizi 6 zinafanya nini?" Sikuwa na jibu. Moja ilikuwa ya ukumbi wa mazoezi niliouacha zamani, na aibu ikanishika kwamba mtu anahesabu uzembe wangu kwa kadi. Lakini alikuwa na sababu. Kadi 6 zikipangwa moja juu ya nyingine ni milimita 4 na nusu kabla hujaongeza ngozi, na pochi inayotuna hujisukuma yenyewe: kila kadi inamwendea jirani yake, midomo ya vifuko inabaki wazi. Tukakubaliana vifuko 6, kadi moja kila kifuko, basi.

Kadi za benki duniani kote zina kipimo kimoja, milimita 85.6 kwa 53.98, na vitambulisho na leseni nyingi hufuata kipimo hichohicho. Kwa hiyo mtu akikwambia kifuko chake "kinaingia kadi yoyote", hajakwambia kitu. Swali ni kimeachwa nafasi kiasi gani. Huyu aliacha milimita 88 kati ya mshono na mshono. Wiki za kwanza nilijuta. Nilikuwa nasimama mbele ya mashine ya kulipia navuta kadi kama mtu anayeng'oa msumari, watu nyuma yangu wanaguna. Nikampigia simu kulalamika. "Dada, ukiipata rahisi leo, mwakani itaanguka. Iache ilegee kwa mwendo wake." Ilichukua kama miezi 3. Sasa inatoka kwa kusukuma kidogo kwa kidole gumba kupitia kitundu cha nusu-duara alichokata chini ya kifuko, na hairudi nyuma wala haitoki yenyewe.

Jambo ambalo nisingelijua bila kumuuliza: vifuko alivikata kutoka ngozi ya mgongoni. Ngozi ya tumboni ni legevu, hutanuka upesi, kwa hiyo aliipeleka kwenye kifuko cha sarafu ambako kutanuka hakumdhuru mtu. Ngozi zote zilisindikwa kwa magome ya miti. Ni ngumu mwanzoni, halafu hushika umbo la kilichomo. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyonipotezea kadi kwenye pochi ya kwanza, kwa hiyo nikamwonyesha kadi zote mbili, ya vinundu na ya bapa. Alitumia bapa kuvipimia vifuko vyote.

Midomo ya vifuko haielekei juu kama pochi nyingi. Inaelekea katikati, kwenye mkunjo. Ukifunga pochi, mgongo wake unaziba njia. Kadi ikitaka kutoka inagonga ukuta. Nimeiangusha ngazini mara 2, ikabiringika hadi chini, kadi zote ndani. Hasara yake ni kwamba ukiifungua pochi yote wazi na kuiinamisha, unategemea mbano wa vifuko peke yake. Nikajizoesha kuifungua nusu.

Mshono ni wa mkono, sindano 2 kwenye uzi mmoja, kila tundu linapitiwa mara mbili kutoka pande zinazotazamana. Sikuwa najali habari hizo mpaka funguo zilipokata mshono mmoja wa pembeni mwezi wa 9. Majirani zake hawajasogea hadi leo. Pochi ya zamani, ya mashine, ilikatika sehemu moja ya bitana na baada ya siku chache nilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Risiti zilikuwa zinahamia kati ya bitana na ngozi kama wapangaji wasiolipa kodi.

Sasa karatasi ya alumini. Hapa kosa ni langu. Nilikuwa nimeogopeshwa na habari za wezi wanaosoma kadi kwa mbali, nikamshikilia fundi aiweke ndani ya ngozi ya nje ili izuie mawimbi. Hakupenda. "Nitaweka, ila usije kunilaumu." Nimekuja kumlaumu, naye akacheka. Kadi za kugusisha, zile unazozisogeza tu kwenye mashine bila kuzichomeka, hufanya kazi kwa mawimbi ya 13.56 MHz, na mashine huzisoma kwa umbali wa sentimita chache tu. Kila malipo chipu hutoa msimbo mpya wa kutumika mara moja, na zile tarakimu 3 za usalama za mgongoni haizitoi kabisa. Mwizi mwenye akili anaona rahisi zaidi kukudanganya kwa simu. Mimi sasa nikawa na pochi inayonizuia mimi mwenyewe. Kadi ya mlango wa ofisini ikawa haisomeki mpaka niitoe, hata nikifungua pochi na kuelekeza upande wa ndani, kwa sababu chuma kikiwa mgongoni mwa kadi kinaivuruga antena yake. Halafu karatasi yenyewe ikaanza kupasuka kwenye mkunjo, kila nikikunja nasikia kama nafungua pipi. Mwezi wa 5 nilimrudishia akaitoa. Alifumua mshono wa upande mmoja na kushona upya siku hiyohiyo, na matundu mapya hayaonekani.

Baada ya hapo likaja tatizo la kinyume. Kadi 2 za kugusisha zilizokaa jirani zilikuwa zinajibu pamoja. Mara mashine inakataa, mara inakata pesa kwenye kadi nisiyoikusudia. Dawa ilikuwa rahisi, nayo fundi alikuwa ameshaitayarisha bila mimi kuelewa: kifuko cha nje, mgongoni mwa pochi, ambamo kadi moja tu inakaa. Hiki ndicho cha hatari kuliko vyote kwa sababu hakina mkunjo wa kukilinda, kwa hiyo alikikata kirefu. Kadi inazama mpaka inabaki milimita 4 tu ya kuonekana. Kuitoa unaisukuma kutoka chini. Huwezi kuibana kwa vidole kutoka juu, na mwenye mkono mwepesi naye hawezi.

Mkoba una habari yake, na si nzuri yote.

Nilitaka mfuko wa ndani wa kadi za akiba na pasipoti, upande unaogusa mwili. Hapo alipatia. Unapouvaa, mtu hawezi kuufikia bila kuingiza mkono kati yako na mkoba. Zipu ni ya meno ya chuma, ukubwa wa namba 5. Nilitaka ile ya nailoni kwa sababu inateleza vizuri, akachukua mkoba wake mwenyewe wa zamani, akasukuma ncha ya kalamu katikati ya zipu ya nailoni iliyofungwa, ikaachana. Kisha akavuta kishikio kwenda na kurudi, ikajifunga kama hakuna kilichotokea. Nilinyamaza, nikachagua chuma. Meno ya chuma hukwaruza, kwa hiyo ameweka ulimi wa ngozi nyuma ya zipu. Kadi zangu hazina hata mchubuko.

Kifuniko cha mkoba, ole wangu, kilifungwa kwa sumaku. Sumaku yenye nguvu, inajifunga yenyewe kwa mlio wa kuridhisha, nami niliipenda. Safari ya kwanza niliweka kadi ya chumba cha hoteli kwenye mfuko wa mbele, chini ya kifuniko. Mlango ukakataa. Mapokezi wakaiandika upya. Jioni ukakataa tena. Mhudumu akautazama mkoba wangu, akagonga sumaku kwa kalamu: "Mama, adui yako huyu hapa." Ukanda mweusi wa kadi nyingi za hoteli huandikwa kwa sumaku dhaifu ili uandikwe upya kila mgeni anapokuja, na kinachoandikika kirahisi hufutika kirahisi. Kadi za benki kwa kawaida ukanda wake ni mgumu zaidi kufutika, na zangu hazikudhurika. Lakini fundi wa mikoba ya kadi alipaswa kunionya, na nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Alibadilisha, akaweka kifungo cha kubonyeza. Hakitoi ule mlio. Naukosa.

Mengine niyapitie haraka. Aliahidi wiki 2, akachukua 5, na wiki ya 4 simu alikuwa hapokei. Rangi ya kingo za mkoba ilianza kubanduka mwezi wa 7, wakati kingo za pochi, alizozisugua kwa nta bila rangi, zimezidi kung'aa. Kidirisha cha plastiki cha kitambulisho ni cha kutupa: plastiki laini ilinata kwenye kadi, na nilipoivuta ikatoka na kivuli cha herufi. Nimekikata kwa mkasi. Kifuko cha sarafu ni kifupi mno, zinamwagika ukikimbia. Sikimbii.

Kipimo changu ni kimoja tangu siku ya kwanza: nafungua pochi wazi, naigeuza chini juu juu ya kitanda, natikisa mara 20. Siku niliyoipokea hakuna kilichoanguka. Mwezi wa 6, hakuna. Wiki iliyopita ilianguka kadi moja, kutoka kifuko cha pili. Najua kwa nini. Nilikuwa safarini wiki 3, nikapakia humo kadi 2 pamoja, jambo ambalo fundi alinikataza kwa kunyoosha kidole kabisa. Nilipompelekea aliingiza kidole kifukoni, akanitazama, akasema tu, "Uliweka mbili." Ngozi iliyotanuka hairudi, anaweza kufumua na kuingiza kipande kipya, lakini itabidi nikae wiki nzima bila pochi. Nimeghairi. Kifuko cha pili sasa kina kadi ya maktaba. Ikianguka, wataniandikia nyingine.