Semina ya Biblia na hukumu ya kifo, Tabora mjini: jioni nne kwa shilingi 5,000

Semina hii, iliyofanyika mwezi uliopita katika ukumbi wa kanisa moja hapa Tabora mjini, ilitoza ada ya shilingi 5,000 kwa jioni nne, pamoja na kitini, chai ya maziwa na maandazi. Kwa ada hiyo nilipata zaidi ya nilichotarajia, ingawa si kila jioni ilifanana na nyingine.

Jioni ya kwanza ilipita haraka. Mwanzo 9:6, inayodai damu ya mwuaji kwa sababu mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, iliwekwa kando ya Mwanzo 4:15, ambapo Mungu huyohuyo anamtia Kaini alama ili asiuawe. Swali likaachwa wazi, tukaenda kunywa chai.

Jioni ya pili ndiyo niliyoilipia. Mwalimu, mchungaji mstaafu mwenye sauti ya chini, aliokota jiwe uani, akaliweka mezani na kutusomea Kumbukumbu la Torati 17:6-7, ambapo mtu hauawi kwa kinywa cha shahidi mmoja, na mikono ya mashahidi ndiyo inayotangulia kumpiga. Kisha alimkabidhi jiwe lile mama mmoja wa safu ya mbele, akamwuliza kama angeweza kulirusha kwa jambo alilolisikia kwa jirani. Mama alilirudisha mezani taratibu, akajifuta mkono kwenye kanga. Katika mkoa ambao vikongwe wamewahi kuuawa wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu na kauli za waganga, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Hesabu 35 nayo ilisomwa yote, kuanzia miji sita ya makimbilio kwa aliyeua bila kukusudia hadi katazo la kupokea fidia kwa ajili ya mwuaji, ambalo maana yake ni kwamba mwenye mali hawezi kujinunulia uhai.

Nilipenda pia uaminifu wa jioni ya tatu: mwalimu alikiri kwamba kisa cha mwanamke aliyefumaniwa akizini, katika Yohana 8, hakimo katika nakala za kale zaidi za Injili hiyo, na akatukumbusha kwamba Walawi 20:10 inawataja wazinzi wote wawili, ilhali mwanamume hakuletwa.

Jioni ya mwisho iliniangusha. Warumi 13:4, juu ya mtawala asiyeuchukua upanga bure, ilifundishwa kwa dakika kumi kana kwamba imemaliza mjadala, bila kugusa Warumi 12:19, aya chache tu kabla yake, inayomwachia Mungu kisasi. Mshiriki Mkatoliki ndiye aliyelazimika kueleza kwamba mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa lake, ili kuikataa adhabu ya kifo kabisa. Hakuna aliyetaja kwamba sheria yetu bado inaagiza kunyongwa kwa kosa la mauaji ingawa hakuna aliyenyongwa nchini tangu miaka ya 1990, wala kwamba mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliona kasoro katika kumnyima jaji hiari ya kutoa adhabu nyingine. Wakili mmoja angetosha kuliziba pengo hilo.

Waandaaji wanasema semina itarudiwa. Atakayekwenda abebe Biblia yake mwenyewe, kwani fotokopi ya kitini changu imekatwa ukingoni, na Hesabu 35:30, inayokataza mtu kuuawa kwa ushahidi wa mtu mmoja, imebakiwa na maneno manne.