Banda la farasi upande wa Njoro, miezi 5 baadaye

Wale mko na farasi huku Nakuru na mnatafuta mahali pa kumlaza, someni hii kwanza. Niko na farasi jike mmoja, Zawadi, kama kilo 400 hivi, huwa anabeba watoto kwa sherehe, na sasa ni miezi 5 analala kwa hili banda la Njoro. Nawapa nyota 4, hiyo moja imebaki kwa seng'enge, nitafika hapo.

Mahali nilimtoa sipataji jina. Kwa macho palikuwa pazuri sana, rangi mpya, mabati mapya, lakini madirisha yote walikuwa wameziba na magunia eti baridi ya Nakuru itamuua, na kila asubuhi nikienda nampata anakohoa na mimi mwenyewe nikiingia macho yanatoa machozi. Nilidhani ni vumbi la nyasi tu. Jamani farasi mwenye afya haogopi baridi hivyo, akiwa mkavu na ameshiba anaivumilia kuliko sisi, kinachommaliza ni hewa iliyokwama ya mkojo, inamchoma mapafu polepole.

Siku ya kwanza hapa Njoro nilikuwa nazunguka naangalia kuta, saisi mmoja mzee, mtunza farasi wa hapo, akaniambia, "Mama, chuchumaa hapo unuse." Nikamwangalia tu. Akasema, "Ukisimama huwezi kuisikia harufu ya mkojo. Yeye analala hapo chini, pua yake iko hapo usiku kucha." Nikachuchumaa hadi goti likagusa maranda, nikavuta pumzi, nikasikia harufu ya mbao, basi. Wiki hiyo hiyo nikamhamisha.

Chumba ni futi 12 kwa 12, anageuka na kujilaza bila kugonga ukuta, na kati ya ukuta na paa wameacha wazi pande zote mbili, kwa hivyo upepo unapita juu ya kichwa chake haumpigi mgongoni. Maranda yaliyolowa yanatolewa kila asubuhi bila kukosa. Kwato za nyuma zilikuwa zimeanza kuoza katikati, ule uozo mweusi unaonuka, unajua ni kusimama kwa unyevu, na kwa wiki chache tu za kusafishwa na kulala pakavu zikapona.

Chakula ni nyasi kavu, boma rhodes, kama kilo 8 kwa siku, lakini haimwagwi yote mara moja, anagawiwa kidogo kidogo na ya mwisho ni usiku. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyofikiria, tumbo la farasi ni dogo na linatoa asidi saa zote hata akiwa hajala, akikaa njaa masaa mengi anapata vidonda, na akishikwa na tumbo hawezi kutapika kama mbwa, ni kumwita daktari wa mifugo mbio. Na tafadhali msimpe dairy meal, kuna dawa huwa zinawekwa kwa chakula cha ng'ombe na zinaua farasi.

Kitu kingine nimependa, jua kabla halijazama farasi wote wako ndani na wavu wa matundu madogo umeshushwa, sababu ya usubi. Hivyo vidudu ndivyo vinabeba ule ugonjwa wa farasi unaoua ghafla, vinatoka jua likizama hadi alfajiri, na huku kwetu pundamilia wamejaa, wao wanakaa na virusi bila kuugua. Chanjo pia waliniuliza siku ya kwanza, cheti mkononi, bila hiyo hauingii.

Sasa seng'enge. Malisho ya chini, karibu na mtaro, yamezungushiwa seng'enge ya ng'ombe. Ng'ombe akiguswa anarudi nyuma, farasi akishtuka anakimbia nayo. Zawadi alishtushwa na pikipiki akapasua ngozi ya bega, jeraha refu kama kiganja changu, na nilikasirika sana kwa sababu nilikuwa nimewaonya mapema. Daktari walilipa wao bila kubishana, hiyo nawapa. Nikawaambia hiyo waya itoke wekeni mbao ama waya laini, hadi hapo Zawadi halishwi upande ule. Nimepita jana, upande wa barabara imeshatolewa, ya mtaro bado iko.