Nilitaka kuihukumu kwa haki, ikaniondolea sauti

Nimekaa na programu hii ya kurekodi muziki muda wa kutosha, kwa hiyo asije mtu kuniambia "utazoea". Nilishazoea. Jina lake silitaji, maana watetezi wake nawajua, na leo sina nguvu za kubishana nao.

Siku yenyewe mwimbaji alikuwa kwenye maiki na tulikuwa tumeshaharibu rekodi kadhaa. Halafu ikaja ile moja. Sauti ilimpasuka kidogo kwenye kiitikio, mpasuko ambao ukimwomba mtu aurudie kwa makusudi hauji. Alipomaliza tukatazamana, kila mmoja akajua kazi imeisha. Nikairudisha tuisikilize, nikapunguza mwangwi kwenye miksa, nikaona nimepunguza mno, nikabonyeza kutendua (undo) ili urudi ulivyokuwa.

Mwangwi haukurudi. Rekodi ndiyo iliyoondoka.

Tena iliondoka kimya kimya. Traki, yaani mstari unaobeba rekodi ya sauti yake, ilikuwa chini kabisa, nje ya skrini, na hakuna hata neno moja lililotokea kusema nini kimetenduliwa. Nikazungusha mwangwi kwa mkono, nikaweka alama pale kiitikio kinapoanza, ndipo nikateremka na kukuta traki nyeupe. Kurudisha haikuwezekana tena, kwani ukishafanya jambo jipya baada ya kutendua, njia ya kurudi mbele inafungwa. Kuweka alama kumbe nako ni jambo jipya! Kugusa miksa siyo. Ndivyo walivyopanga: kurekodi, kukata kipande, kusogeza noti, vyote vinaingia kwenye kumbukumbu ya kutendua, kupandisha na kushusha sauti hakuingii. Kwa hiyo ukitendua, inaruka ulichofanya sasa hivi na kung'oa inachokikumbuka yenyewe.

Sasa nijaribu kuwa mtu wa haki, maana malalamiko mengi juu ya sura za programu za muziki ni ugeni tu unaojifanya utaalamu. Aliyeanzia FruityLoops, iliyotoka 1997 na leo inaitwa FL Studio, ana mazoea ya kupanga ngoma kwenye vijisanduku vya hatua, na akipelekwa kwingine anasema hakuna mantiki. Aliyelelewa na Cubase, ambayo tangu 1989 kwenye kompyuta ya Atari ST ilikuwa inapanga traki juu chini na muda ukienda kushoto kulia, anaona huo ndio mpangilio wa maumbile. Ableton Live ilipokuja 2001 na visanduku bapa visivyo na pambo, wapo walioiona kama jedwali la mahesabu. Wengine wakapanda nayo jukwaani. Na Reason ya mwaka 2000 ukibonyeza Tab inageuza mitambo yake ya kuchorwa uone nyaya kwa nyuma. Mimi nyaya zile nazipenda mno, ila najua ninayempenda ni mchoraji, na siwezi kutumia hilo kumpigia mwingine kura ya hapana.

Basi rangi za kijivu juu ya kijivu nazisamehe, ingawa macho yanauma. Menyu zilizofichwa nazisamehe, nilishazijua zilipo. Hata vile vitufe vya duara, ambavyo kwenye programu hii vinataka uvute mausi juu na chini ilhali jicho linaona kitu cha kuzungusha, nimevisamehe, kwa sababu mkono ulijifunza baada ya muda mfupi na haukosei tena. Hicho ndicho kipimo changu: kosa la mgeni huisha akishakuwa mwenyeji. Hili la kutendua haliishi. Linamngoja mwenyeji, kwa sababu mwenyeji ndiye anayebonyeza bila kutazama, na sikio lake liko kwenye wimbo.

Nikawaandikia. Jibu lilichelewa, na lilipofika lilikuwa la mistari miwili: tabia hiyo imeelezwa kwenye mwongozo, asante kwa kutumia bidhaa yetu. Yaani kuna mtu alijua kwamba watu wataumia hapo, akakaa akaandika aya nzima ya kuwaonya, badala ya kuweka maneno mawili kwenye skrini. Hapo nikaamua: isiguswe na yeyote. Niliwaambia wenzangu hivyo hivyo.

Haki yake lazima niiseme, inaniuma lakini. Baadaye nilifungua folda ya mradi nikitafuta kitu kingine kabisa, na rekodi ilikuwa humo. Nzima, na mpasuko wake. Kumbe kutendua kulikitoa kipande kwenye traki tu, faili la sauti likabaki kwenye diski. Nilikaribia kuwaandikia tena kuwashukuru. Programu yenye ubunifu mbovu kweli ingekuwa imelifuta, na mimi nilikuwa nimeshaitukana kwa uharibifu ambao haikuufanya.

Halafu nikatazama jina la faili. Tarakimu tupu, katikati ya mafaili mengine ya tarakimu tupu, na mengi yake ni pumzi na kikohozi. Na kila nikifunga mradi inaniuliza kama nataka kusafisha mafaili yasiyotumika, na jibu lililochaguliwa tayari ni ndiyo, kiasi kwamba Enter moja ya haraka ingemaliza kila kitu. Kwa hiyo shukrani nimezirudisha mfukoni.

Nilitaka kuipa nyota moja. Kwa ajili ya faili lile naipa tatu; hapana, mbili, kwa sababu ya ile ndiyo iliyochaguliwa tayari. Kwa kutengeneza biti bado naitumia, na kwa kazi hiyo ni nyepesi kuliko nyingi nilizojaribu. Mwimbaji akiingia, nafungua nyingine.