Iowa Hawkeyes: tiketi ya Kinnick inamfaa mwenye subira

Anayetaka pira biriani asijisumbue kwenda Iowa City, Marekani. Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa, Hawkeyes, hushinda kwa kumchosha mpinzani mpaka akosee, na matokeo ya 13-10 kwao ni karamu. Kirk Ferentz alikabidhiwa kikosi kuanzia msimu wa 1999 na hajawahi kuomba radhi kwa mpira huo. Septemba 2025 alifikisha ushindi wa 206, akampita Woody Hayes wa Ohio State na kuwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya ligi ya Big Ten. Kubishana na mtu mwenye rekodi hiyo ni kazi, lakini mashabiki wa Iowa wanabishana naye kila Jumamosi, nami ni mmojawao.

Kwa aliyezoea kandanda, kanuni moja inatosha kuanza nayo. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifanikiwa, inapewa mengine manne. Ikifika jaribio la nne bila kutimiza, kwa kawaida hupiga panti: mpira unapigwa teke mbali, mpinzani aanzie huko nyuma kwake. Viwanja vingi panti ndiyo nafasi ya watu kwenda chooni. Kinnick, uwanja wa Iowa, watu husimama na kushangilia, na hawafanyi utani.

Hesabu yao ni hii. Ukimfanya mpinzani aanzie yadi 8 ya kwake, amebakiwa na yadi 92 mbele yake. Kama ulinzi wako haumruhusu kupata yadi 40 kwa mkupuo mmoja, atalazimika kula kidogo kidogo, michezo 12 au zaidi bila kuteleza, kila jaribio likihesabiwa mchezo mmoja. Wanaocheza ni vijana wa vyuo. Katika michezo 12 kuna atakayetoka kabla ya wakati, atakayedondosha mpira, au atakayeurusha mikononi mwa adui. Iowa wanasubiri hapo.

Aliyeipandisha hadhi kazi hii ni Tory Taylor, Mwaustralia kutoka Melbourne. Msimu wa 2023 alipiga panti 93 zenye jumla ya yadi 4,479, rekodi ya msimu mmoja kwa vyuo vyote vya daraja la juu, akatunukiwa tuzo ya Ray Guy ya mpiga panti bora wa vyuo, na mwaka uliofuata Chicago Bears wa NFL, ligi ya kulipwa, wakamchukua. Umbali ni nusu tu ya ufundi wake. Mpira ukivuka mstari na kuingia eneo la goli, unarudishwa hadi yadi 20, kwa hiyo panti ndefu mno ni panti mbovu. Taylor aliuangusha mguuni kwa ncha, mtindo wa mpira wa kwao, ukazunguka kinyumenyume; ukigusa nyasi unasita au unarudi, na wenzake wanafika kuuzima kwenye yadi 5. Mchezaji wa panti anapokosea Iowa, mpango mzima unayumba, maana timu nyingine zinaweza kufidia kwa kufunga na hawa mara nyingi hawawezi.

Ulinzi wa Phil Parker, aliyeushika usukani huo mwaka 2012, ndiyo sehemu ninayoipa alama zote. Anapanga wanne mbele, lainibeka (walinzi wa katikati) wawili na watano nyuma. Wa tano kati ya hao, anayeitwa kashi, ni mtu wa kazi mbili: ana mwili wa kukabiliana na mkimbiaji na miguu ya kumkaba mpokeaji. Cooper DeJean aliwahi kuishika nafasi hiyo kabla ya kwenda Philadelphia Eagles, ambako Februari 2025 aliunasa mpira uliorushwa na Patrick Mahomes kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, na kukimbia nao mpaka eneo la goli. Nyuma wanakaba eneo zaidi ya kukaba mtu kwa mtu. Faida yake ni kwamba macho yote yanabaki kwa kwotabeki, yule mrushaji wa mpira, hivyo mpira ukirushwa vibaya kunakuwa na watu watatu wanaouona ukija. Parker haleti wavamizi wengi. Anaamini wanne wa mbele watafika, na wasipofika, mrushaji atakosa pa kuupeleka.

Udhaifu upo, na ukiujua utauona mapema. Eneo linavunjika katikati ya mabeki wawili, kwa hiyo taitendi (mpokeaji anayepangwa kando ya mstari wa mbele na ambaye pia huzuia) mwenye kasi anayekimbia moja kwa moja kwenye ule ufa huwaumiza. Kwotabeki mwenye miguu huwaumiza pia: mabeki wamegeuza macho kumtazama, lakini wako mbali. Na ukiwanyima muda wa kupumua, ukicheza haraka bila kukusanyika, wale wanne wa mbele wanachoka kwa sababu hakuna nafasi ya kubadilisha watu.

Mashambulizi sasa. Hapa ndipo penye kidonda.

Septemba 3, 2022 Iowa waliifunga South Dakota State 7-3 bila tachidauni hata moja, yaani bila kuufikisha mpira eneo la goli. Fildigoli moja, teke la kupitisha mpira kati ya milingoti, pointi tatu. Kisha ulinzi ukawabana wapinzani ndani ya eneo lao la goli mara mbili, kila mara pointi mbili za sefti. Tatu na mbili na mbili. Ulinzi ulifunga pointi nyingi kuliko washambuliaji, na timu ikashinda. Mwaka uliofuata mkataba wa kocha wa mashambulizi, Brian Ferentz, ambaye ni mtoto wa kocha mkuu, ukaandikwa upya: mshahara ukapunguzwa na timu ikatakiwa ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi. Ikafikisha 15.4. Kabla msimu haujaisha uongozi wa michezo ulishatangaza kwamba hatarudi. Ajabu ni kwamba kikosi hicho hicho kilishinda mechi 10 na kutwaa kundi la Magharibi la Big Ten. Halafu fainali ya ligi wakapigwa na Michigan 26-0, na mechi ya bakuli, ile ya mwaliko ya kufunga msimu, wakapigwa na Tennessee 35-0. Mechi mbili za mwisho, pointi sifuri. Kupaki basi kunakufikisha fainali. Ukishatanguliwa, basi haliondoki.

Kisingizio cha majeruhi kina ukweli wake. Kwotabeki Cade McNamara aliumia goti Septemba 2023, na msimu huo huo mataitendi wawili wa kutegemewa nao waliumia. Lakini tatizo ni la zamani kuliko goti hilo. Msingi wa Iowa ni mkimbio wa pembeni: watu watano wa mstari wa mbele wanateleza pamoja upande mmoja, mkimbiaji anafuata, anasoma mwanya ulipo, anakata mara moja na kwenda. Ukipangwa vizuri hauna dawa. Unahitaji mambo mawili tu. Kwanza, wale watano wasogee kama mtu mmoja. Mmoja akichelewa hatua, adui anapenya kutoka nyuma na mkimbiaji anakamatwa kabla hajaanza. Pili, mpinzani lazima aogope mpira wa kurushwa. Asipouogopa, analeta watu wanane karibu na mstari, na hakuna hesabu ya watano kuwazuia wanane. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyeogopa.

Tim Lester alipokuja 2024 aliongeza mienendo kabla ya mpira kuanza: mpokeaji anahama upande, walinzi wanahama naye, mwanya unahama. Mkimbio ni ule ule, lakini adui anachelewa nusu sekunde. Mwaka huo Kaleb Johnson alikimbia yadi 1,537 na kufunga tachidauni 21 kwa miguu. Kurusha kukabaki kubovu. 2025 walimleta Mark Gronowski kutoka South Dakota State (naam, wale wa 7-3), na hata yeye alikuwa hatari zaidi alipoubeba mpira mwenyewe kuliko alipourusha. Mwaka huo Indiana, waliomaliza mabingwa wa taifa, waliponea Kinnick kwa 20-15, na Oregon kwa 18-16. Shabiki wa Iowa anaziita mechi hizo ushahidi wa ubora. Mimi naziita pasi mbili zilizokosekana.

Mahali pekee ambapo kurusha kuna heshima ni kwa mataitendi. George Kittle alipita hapa. T.J. Hockenson na Noah Fant walichukuliwa wote na timu za NFL raundi ya kwanza ya uteuzi wa 2019. Sam LaPorta akafuata Detroit mwaka 2023. Sababu si siri: Iowa taitendi hujifunza kuzuia kwanza, kupokea baadaye. Akishajua kumsukuma mtu wa mbele, adui hawezi kujua kama mchezo unaokuja ni mkimbio au pasi kwa kutazama tu nani ameingia uwanjani.

Kuhusu uwanja wenyewe. Kinnick ulifunguliwa 1929, unaingiza watu 69,250, na umepewa jina la Nile Kinnick, mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, wa 1939. Majukwaa yako karibu sana na mstari, jambo linalofanya kelele zimwangukie mgeni kichwani. Nunua upande wa magharibi. Jua la mchana linakuwa mgongoni, na mbele yako, juu ya jukwaa la mashariki, inasimama hospitali ya watoto ya Stead. Tangu 2017, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima, wachezaji na wageni wakiwemo, hugeuka na kuwapungia mkono watoto waliolazwa huko juu. Usiwe kwenye foleni ya chakula dakika hiyo. Ukikaa mashariki itabidi ugeuke nyuma na kukunja shingo, na alasiri jua litakuchoma macho. Upande wa kaskazini ulijengwa upya na kukamilika 2019, nafasi zake ni pana zaidi. Kwingineko bado ni mabenchi ya chuma, na mwezi wa Novemba chuma hicho hupitisha baridi hadi mfupani. Beba kitu cha kukalia na soksi mbili.

Mkoba uwe wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, usiozidi takriban sentimita 30 kwa 15 kwa 30. Tiketi ni ya simuni. Ipakue nyumbani kabla mtandao haujazidiwa na umati. Bia inauzwa ndani tangu 2021. Chakula cha maana lakini kiko nje, barabara ya Melrose, ambako paja la bata mzinga la kuchoma ndilo linalotafutwa. Nenda mechi ikiwa imebakiza muda wa saa mbili kuanza, la sivyo utakula umesimama kwenye msongamano. Chumba cha kubadilishia nguo cha wageni kimepakwa rangi ya waridi, kazi ya kocha wa zamani Hayden Fry. Walipokikarabati hata masinki yakawa ya waridi. Ujinga mtupu, na makocha wageni bado wanaulizwa habari zake.

Fry ndiye pia aliyeweka kwenye kofia za wachezaji ile stika ya ANF (America Needs Farmers, yaani Marekani inahitaji wakulima) mwaka 1985, wakulima wa Iowa walipokuwa wakipoteza mashamba kwa madeni. Ipo hadi leo. Ukitaka kuelewa kwa nini watu hapa wanavumilia panti nyingi hivyo, anzia kwa wakulima.

Anayetazama kutoka Afrika Mashariki ajue kwamba Iowa hupangiwa sana saa tano asubuhi ya kwao, maana yake saa moja usiku Nairobi na Dar es Salaam, na saa mbili usiku baada ya Wamarekani kurudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba. Ni muda mzuri kuliko wa timu nyingi kubwa za huko. Mechi za usiku ni balaa: saa nane na nusu alfajiri hiyo, na kwa kasi ya Iowa utasinzia kabla ya mapumziko.

Kwa walioko huko huko, na Waswahili wa Coralville, Cedar Rapids na Iowa City wenyewe si wachache, wengi wao kutoka Kongo, chagua mechi kwa makini. Watani wa jadi ni wanne: Iowa State, Minnesota, Wisconsin na Nebraska. Ya Minnesota hugombaniwa sanamu ya shaba ya nguruwe, Floyd of Rosedale, tangu miaka ya 1930. Ya Nebraska kwa kawaida huwa Ijumaa baada ya Thanksgiving, sikukuu ya Shukrani ya Novemba; mwaka 2023 na 2024 zote ziliisha 13-10 kwa fildigoli ya sekunde ya mwisho, ile ya 2024 ikiwa ya yadi 53. Hizo ndizo bei yake hupanda, na ndizo zinazostahili bei hiyo kwa anayejua mpira.

Mwenye watoto achukue ya Septemba dhidi ya timu ndogo. Tiketi hushuka sana, kuna joto, kupungia hospitali ni kule kule, na Iowa wanaweza hata kufunga tachidauni nne. Robo ya nne ondokeni mapema mkawahi gari. Siku hiyo hakuna mtakachokikosa.