Unga wa "seli shina" pale Makoroboi: nyota mbili, zote za mapokezi

Baba mdogo ana kisukari cha siku nyingi. Jirani yake kule Igoma akamwambia kuna ofisi mjini Mwanza inauza seli shina (seli changa zenye uwezo wa kugeuka kuwa seli za aina nyingine) za kwenye vifuko, boksi shilingi 210,000. Nilipoambiwa nimsindikize, kwa kuwa mimi ni mtu wa maabara, mzee alikuwa keshalipa kwa simu.

Jina la ofisi silitaji. Mapokezi sina neno: feni, maji ya baridi, kijana mwenye tai anayempa mzee shikamoo kabla ya kumuuliza shida. Halafu unashikishwa chuma mkononi, kompyuta inatoa karatasi kwamba figo na ini "vimechoka". Kila aliyepimwa mbele yetu alitoka na figo zilizochoka.

Nikauliza seli zenyewe zimetoka wapi. "Za kiinitete, dada, teknolojia ya Marekani."

Haya. Kiinitete ni yai lililorutubishwa ambalo limeanza kukua. Seli shina za kiinitete cha binadamu zilioteshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na James Thomson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Walitumia viinitete vilivyotungwa maabara kwa ajili ya wanaotafuta watoto, ambavyo wenyewe waliridhia vitumike kwa utafiti. Kiinitete cha siku tano hivi ni kijipira ambacho macho matupu hukioni vizuri. Seli zake za ndani zikatolewa na kulazwa juu ya seli za panya. Baada ya hapo ni kulea: joto nyuzi 37, kabonidayoksaidi asilimia 5, majimaji ya chakula kubadilishwa karibu kila siku, iwe Jumapili, iwe Idi. Zikijaa sahani unazigawa. Ukizembea zinageuka zenyewe kuwa seli za aina nyingine, na mzigo umeharibika. Za akiba hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Boksi la mzee limeandikwa "hifadhi mahali pakavu".

Nikakata kifuko. Unga wa waridi, harufu ya stroberi, ukitia maji unatoa povu. Kiungo cha kwanza kwenye orodha ni maltodekstrini, wanga unaopandisha sukari fasta. Kwa mgonjwa wa sukari! Dagaa aliyeanikwa Kirumba ni kitoweo kizuri, lakini umrudishe ziwani haogelei. Na hata seli ingekuwa hai, tumbo lingeimeng'enya kama nyama nyingine yoyote.

Kinachoniudhi ni kwamba tiba yenyewe ipo njiani. Kampuni ya Vertex ya Marekani imejaribu seli za kutengeneza insulini zilizooteshwa kutokana na seli shina za kiinitete: kati ya wagonjwa 12 wa kisukari aina ya kwanza waliopewa dozi kamili, 10 hawakuhitaji kuchoma insulini baada ya mwaka. Ila zinaingizwa kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ini, hospitalini, na mgonjwa anameza dawa za kutuliza kinga ya mwili isizishambulie. Mzee wangu ana aina ya pili.

Ningewapa nyota ya tatu kwa ukarimu, lakini walimwambia apumzishe metformini, dawa yake ya sukari, wiki mbili "ili seli zifanye kazi". Hiyo ni hatari, na nilimwambia pale pale mbele yao asiiache.

Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, hakuna, mashine "mbovu". Kurudishiwa hela pia hakuna, ila unaruhusiwa kubadilisha bidhaa. Tumechukua sabuni. Inatoa povu zuri.